Kanuni za Majitaka ya Vyombo vya Majini katika Ziwa Tanganyika: Historia, Istilahi na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya kanuni za serikali zinazozuia vyombo vya majini kumwaga majitaka ya chooni katika maji yanayolindwa, na kuihusisha historia hiyo na hali ya Ziwa Tanganyika. Ushahidi umetolewa katika mikataba ya kimataifa, sheria za Marekani, uzoefu wa Bahari ya Baltiki na historia ya usafiri wa Ziwa Tanganyika lenyewe. Hoja inayojengwa ni kwamba marufuku ya aina hii hufaulu pale tu masharti mawili yanapotimizwa kwanza: ufukoni pawe na mahali pa kuyapokea majitaka hayo, na kanuni iandikwe kwa lugha ambayo mabaharia na abiria wanaielewa. Sharti la kwanza limetambuliwa na watunga sheria kwa zaidi ya nusu karne. Sharti la pili halijapewa uzito unaostahili, ijapokuwa Ziwa Tanganyika ni mojawapo ya maziwa machache ya mpakani ambayo watu wake wana lugha moja ya mawasiliano. Makala yanapendekeza istilahi na hatua za kuandaa matini ya Kiswahili ya kanuni hizo.

Maneno makuu: majitaka, vyombo vya majini, Ziwa Tanganyika, istilahi za sheria, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Ziwa Tanganyika linamilikiwa kwa pamoja na Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Tanzania na Zambia. Urefu wake unakaribia kilomita 670, na kina chake kinafika mita 1,470 hivi. Duniani linatanguliwa kwa kina na Ziwa Baikal pekee. Maji yake yana mlango mmoja tu wa kutokea, yaani mto Lukuga unaoelekea upande wa Kongo, na sehemu kubwa zaidi hupotea kwa njia ya mvuke. Kwa sababu hiyo maji ya ziwa hili hubadilika polepole mno; muda wa tone la maji kukaa humo hukadiriwa kwa mamia ya miaka. Kinachomwagwa baharini husukumwa na mikondo na kuchanganyika na maji yasiyo na mwisho. Kinachomwagwa Tanganyika hubaki Tanganyika.

Kwa wakazi wa Kigoma, Bujumbura, Rumonge, Uvira, Kalemie na Mpulungu, ziwa hili ni barabara, ni shamba la samaki na ni kisima. Maji ya kunywa huchotwa pale pale boti zinapotia nanga. Hapo ndipo suala la majitaka ya vyombo vya majini linapoacha kuwa jambo la wahandisi na wanasheria peke yao na kuwa suala la uhai.

Ni vyema kukiri mapema kwamba vyombo vya majini si chanzo kikuu cha uchafuzi wa ziwa hili. Mradi wa Bioanuwai wa Ziwa Tanganyika, uliotekelezwa na nchi hizo nne katika nusu ya pili ya miaka ya 1990, ulitaja udongo unaomomonyoka kutoka mashambani, majitaka ya miji na ya viwanda, pamoja na uvuvi uliokithiri, kuwa matishio makubwa. Hata hivyo kuna sababu mbili za kuvichunguza vyombo. Kwanza, chombo hubeba uchafu hadi mahali pasipo na mji, ikiwa ni pamoja na maji ya hifadhi. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa mwaka 1985, inajumuisha ukanda wa maji wenye upana wa kilomita 1.6 hivi kutoka ufukoni, na njia ya kawaida ya kuifikia ni kwa boti. Pili, kama itakavyoonekana, swali la majitaka ya boti kwa kweli ni swali la bandari inayoipokea boti hiyo. Anayelijibu la kwanza hulazimika kulijibu la pili.

2.0 Istilahi na mipaka yake

Historia ya kanuni hizi haiwezi kusimuliwa bila kwanza kutazama maneno, kwa sababu katika sheria neno ndilo linalochora mpaka. Istilahi tatu zinatosha kuonyesha jambo hili.

Ya kwanza ni majitaka. Katika Kiswahili cha sasa neno hili linajumuisha maji yote machafu: ya chooni, ya jikoni, ya kuogea, hata ya viwandani. Mkataba wa kimataifa wa kuzuia uchafuzi utokanao na meli, unaofahamika kwa ufupisho wa MARPOL, unatumia dhana finyu zaidi. Kiambatisho chake cha nne kinahusu maji yatokayo katika vyoo na mikojoo, katika masinki na mabeseni ya chumba cha tiba, katika sehemu zinazobeba wanyama hai, na maji mengine yoyote yaliyochanganyika na hayo. Maji ya kuogea na ya kuoshea vyombo vya kulia, yakikaa peke yake, hayamo. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "majitaka" bila nyongeza huipanua sheria kuliko ilivyokusudiwa, na nahodha anayeisoma anaweza kudhani kwamba hata kumwaga maji ya kuoshea sufuria ni kosa lile lile. Matini ya Kifaransa ya mkataba huo inatumia maneno yenye maana ya "maji yaliyokwisha kutumika", ambayo nayo ni mapana, lakini inayabana kwa fasili mwanzoni. Kiswahili kinaweza kufanya hivyo hivyo, au kutumia istilahi bayana ya majitaka ya chooni. Makala haya yanachagua njia ya pili.

Hapa pana ugumu wa kiutamaduni. Kiswahili kina adabu kubwa katika kulitaja jambo hili: watu husema kwenda haja, kujisaidia, kujisitiri, kwenda msalani. Neno hili la mwisho limevuka mipaka, kwani Kirundi nacho kina umusarani. Tafsida hizi ni hazina ya lugha, lakini kanuni iliyojificha ndani ya tafsida haitekelezeki. Tangazo linalosema "tunza usafi wa ziwa" halimwambii abiria kwamba choo cha boti kinachotoboka moja kwa moja majini ndicho kinachokatazwa.

Ya pili ni kumwaga. Mkataba uliotajwa unakataza utoaji wa aina zote, ikiwa ni pamoja na kuvuja, kuponyoka, kupompwa na kumwagika kwa sababu yoyote ile. Kitenzi mwaga katika Kiswahili kinadai mtendaji mwenye nia. Kauli ya kutendeka, mwagika, humwondoa mtendaji huyo. Tunaposema kwamba maji yakimwagika hayazoleki, hatumtaji aliyeyamwaga. Tunataja tukio na hasara yake. Hivyo sheria inayosema tu kwamba "ni marufuku kumwaga majitaka" humwachia mwenye chombo utetezi wa kisarufi: hakumwaga, yalivuja. Matini bora ingesema "ni marufuku kumwaga, au kuacha yamwagike au yavuje". Unyambulishaji wa Kiswahili unaifanya kazi hii kwa maneno machache.

Ya tatu ni chombo. Sheria nyingi za kimataifa husema meli, kisha hutaja uzito wa tani au idadi ya watu. Kiswahili kinalo neno chombo, linaloikusanya meli, jahazi, mashua, boti na mtumbwi. Katika ziwa ambalo wasafiri wengi hupanda boti za mbao zenye injini, uchaguzi kati ya "meli" na "chombo" ni uchaguzi kati ya kuwagusa wachache na kuwagusa wote.

3.0 Baharini: miaka 30 ya kusubiri

Kanuni za kimataifa kuhusu uchafuzi utokanao na meli zilisukumwa na mafuta kabla ya kitu kingine chochote. Kuzama kwa meli ya mafuta Torrey Canyon karibu na pwani ya Uingereza mwaka 1967 kulizishtua serikali, na tarehe 2 Novemba 1973 MARPOL ulipitishwa jijini London. Itifaki ya mwaka 1978 iliuimarisha, na sehemu yake kuhusu mafuta ikaanza kutumika tarehe 2 Oktoba 1983. Kiambatisho cha nne, kinachohusu majitaka ya chooni, kilipitishwa siku ile ile ya mwaka 1973. Hata hivyo kilianza kutumika tarehe 27 Septemba 2003, karibu miaka 30 baadaye.

Kwa nini mafuta yalisubiri miaka 10 na choo kikasubiri 30? Kiutaratibu, kiambatisho hiki kilikuwa cha hiari, na kilihitaji kuridhiwa na nchi zisizopungua 15 zenye angalau nusu ya uzito wa meli zote za biashara duniani. Kiini cha kusita kilikuwa wajibu uliowekwa juu ya serikali zenyewe. Kiambatisho hakikumkataza mwenye meli tu. Kiliitaka pia kila serikali iliyokiridhia ihakikishe kwamba bandari zake zina vituo vya kupokelea majitaka bila kuzichelewesha meli isivyo lazima. Kukataza ni rahisi, kwani wino na karatasi vinatosha. Kujenga kituo kunahitaji bomba, pampu, mtambo wa kusafishia na bajeti ya kila mwaka.

Toleo lililorekebishwa lilipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika tarehe 1 Agosti 2005. Linahusu meli zinazofanya safari za kimataifa zenye tani 400 na zaidi, au zilizoidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15. Majitaka yaliyosagwa na kuuliwa vijidudu yanaweza kumwagwa umbali unaozidi maili 3 za baharini kutoka nchi kavu iliyo karibu zaidi. Yasiyosafishwa hayamwagwi ila umbali unaozidi maili 12, tena kidogo kidogo, meli ikiwa katika mwendo usiopungua maili 4 za baharini kwa saa.

Mantiki ya masharti haya ni ya bahari: nenda mbali, mwaga polepole, nayo maji mengi yatamaliza kazi. Tuipime mantiki hiyo kwa Ziwa Tanganyika. Maili 12 za baharini ni kilomita 22 hivi, na upana wa wastani wa ziwa ni kilomita 50. Ukiondoa kilomita 22 kutoka kila upande, unabakiwa na ukanda wa katikati usiofika kilomita 6. Mahali ambapo ziwa lina upana wa kilomita 40 ukanda huo haupo kabisa: kila unaposimama, u karibu mno na nchi ya mtu. Mkataba wenyewe umewekwa kwa ajili ya vyombo vya mazingira ya bahari, wala haudai kuyatawala maziwa ya ndani. Hatari iko kwa mtunga kanuni anayenakili namba za bahari na kuzipeleka ziwani bila kuzipima.

4.0 Sheria inayoanza na ufuko

Ikiwa umbali hausaidii, nini husaidia? Mifano miwili ya nje inatoa mwanga, kwa sababu yote inahusu maji yaliyozingirwa na nchi kavu.

Wa kwanza ni Marekani, nchi ambayo haikukiridhia kiambatisho cha nne cha MARPOL na badala yake ilitegemea sheria yake ya maji safi ya mwaka 1972. Kifungu cha 312 cha sheria hiyo kinahusu vyoo vya vyombo vya majini. Kanuni zilizofuata zimevigawa vifaa vya vyoo hivyo katika aina tatu: aina mbili zinazosafisha majitaka kwa viwango tofauti kabla ya kuyatoa, na aina ya tatu ambayo ni tangi la kuyahifadhi mpaka yafikishwe ufukoni. Zaidi ya hapo, jimbo linaweza kutangaza kwamba katika maji fulani hata majitaka yaliyosafishwa hayaruhusiwi.

Sharti la tangazo hilo ndilo linalotuhusu. Katika utaratibu wa kawaida jimbo halipati marufuku kamili mpaka Shirika la Hifadhi ya Mazingira la nchi hiyo lijiridhishe kwamba vituo vya kuyanyonya majitaka kutoka katika matangi na kuyasafisha vipo vya kutosha na vinafikika. Ufuko unatangulia, marufuku inafuata. Mwaka 1992 bunge la nchi hiyo lilipiga hatua nyingine kwa sheria ya vyombo safi, iliyoanzisha ruzuku inayoweza kufika asilimia 75 ya gharama za kujenga vituo hivyo. Kwa msingi huo marufuku zimeenea katika maziwa, ghuba na hifadhi nyingi, yakiwemo maji ya jimbo la Florida yaliyomo katika hifadhi ya bahari ya Florida Keys.

Mfumo huo haukukosa migogoro. Jimbo la Washington lilipoweka marufuku katika Puget Sound, kuanzia mwezi Mei 2018, wamiliki wa matishari na vyombo vya kuvuta meli walilifikisha suala hilo mahakamani. Mabishano yalihusu vituo na gharama: je, vinatosha kwa vyombo vikubwa vya kazi, na je, gharama zake zilizingatiwa ipasavyo? Hakuna aliyesimama kutetea uchafu. Kila upande ulikubali kwamba swali la haki ni swali la kinachopatikana ufukoni.

Mfano wa pili ni Bahari ya Baltiki, bahari yenye mlango mwembamba ambayo maji yake hubadilika polepole. Mwaka 2011 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Majini liliitangaza kuwa eneo maalumu kuhusu majitaka ya meli za abiria. Hata hivyo utekelezaji ulifungamanishwa na taarifa za nchi za pwani kwamba bandari zao ziko tayari. Kwa kuwa bandari zilichelewa, marufuku nayo ilichelewa: kwa meli mpya ilianza tarehe 1 Juni 2019, na kwa zilizokuwapo tarehe 1 Juni 2021, huku baadhi ya safari za moja kwa moja kwenda bandari za Urusi zikiongezewa miaka miwili. Nchi tajiri zenye bandari za kisasa zilihitaji karibu muongo mmoja kuandaa ufuko. Somo kwa nchi za Maziwa Makuu ni kwamba kazi hii haina njia ya mkato.

5.0 Ziwa Tanganyika: kutoka meli ya vita hadi ufuko wa Kagunga

Usafiri wa meli kubwa katika Ziwa Tanganyika ulizaliwa na ukoloni na vita. Meli iliyokuja kuitwa Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli ya kati hadi Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 walipokuwa wakirudi nyuma. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Tangu hapo kwa miongo mingi ilikuwa uti wa mgongo wa safari kati ya Kigoma na Mpulungu, ikisimama katika vijiji ambavyo vingi havina gati, boti ndogo zikiwafuata abiria ubavuni mwake.

Meli za kizazi hicho zilijengwa kwa desturi ya dunia nzima wakati huo: bomba la choo liliishia nje ya ubavu wa meli. Halikuwa kosa, kwa kuwa hapakuwa na kanuni ya kuvunja. Lakini hesabu yake ni rahisi. Mtu mzima hutoa kati ya lita moja na mbili za mkojo kwa siku. Meli yenye abiria 600 katika safari ya siku mbili huzalisha zaidi ya lita 1,000, kabla ya kuhesabu kinyesi na maji ya kusafishia choo. Boti za mbao zisizo na choo kabisa zina hesabu yake, nayo haimo katika daftari la mtu yeyote.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kipindupindu kiliingia katika eneo hili, na tangu hapo miji ya mwambao wa ziwa, hasa Uvira na Kalemie, imeendelea kukumbwa nacho mara kwa mara. Ugonjwa huu husafiri katika kinyesi na maji, na ziwa linalounganisha masoko ya nchi nne huunganisha pia visima vyake. Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003 na kuanza kutumika mwaka 2005, ulizipa nchi zote nne wajibu wa pamoja wa kuzuia uchafuzi. Ulikubali kanuni ya tahadhari na kanuni kwamba anayechafua ndiye anayelipa, na ukaweka masharti kuhusu ushiriki wa wananchi na haki yao ya kupata taarifa. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, yenye makao yake Bujumbura, ndiyo inayousimamia.

Miaka 10 baada ya mkataba huo kuanza kutumika, ufuko wa Kagunga uliupima. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi walikusanyika katika kijiji hicho cha Tanzania kilichobanwa kati ya milima na maji. Barabara haikuwapo, njia pekee ya kutoka ilikuwa ziwa. Liemba ilitumwa kuwachukua kwa zamu kuwapeleka Kigoma. Vyoo havikutosha, na watu walijisaidia na kuchota maji ya kunywa katika ufuko ule ule. Kipindupindu kilizuka, na kabla ya mwezi kwisha wagonjwa walioripotiwa nchini Tanzania walikaribia 3,000, na waliofariki walizidi 30.

Kagunga haukuwa uvunjaji wa kanuni za meli, na haifai kuwalaumu waliokuwa wakikimbia kuokoa maisha. Kilichoonekana pale, kwa ukali usio wa kawaida, ndiyo hoja ya makala haya. Hakuna tangazo la marufuku ambalo lingewaokoa watu wale. Wangeokolewa na choo ufukoni na maji safi pembeni yake. Abiria wa kawaida wa ziwa hili yuko katika hali hiyo hiyo kwa kiasi kidogo: akikatazwa kujisaidia majini bila kuonyeshwa pa kwenda, amekatazwa jambo ambalo mwili haukubali kukatazwa.

Kuhusu bandari, hali inatofautiana. Bujumbura una mabwawa ya kusafishia majitaka ya Buterere, upande wa kaskazini mwa mji, yanayohudumia sehemu tu ya wakazi. Ni dhahiri kwamba tangi la meli likinyonywa bandarini kisha yaliyomo yakaelekezwa katika mtaro unaorudi ziwani, sheria itakuwa imetimizwa kwa herufi na kuvunjwa kwa maana. Ndiyo sababu kanuni ya boti haiwezi kutenganishwa na mpango wa majitaka wa mji.

6.0 Lugha ya kanuni

Sharti la pili la mafanikio, yaani lugha, lina historia yake. Matini rasmi ya Mkataba wa Ziwa Tanganyika ni ya Kiingereza na Kifaransa. Mgawanyo huu unafuata mipaka ya ukoloni: Tanzania na Zambia upande mmoja, Burundi na Kongo upande mwingine. Wanaosafiri ziwani hawafuati mgawanyo huo. Nahodha wa Kigoma anapofika Uvira, na mfanyabiashara wa dagaa wa Kalemie anapofika Rumonge, huzungumza Kiswahili, kila mmoja kwa lahaja na lafudhi yake. Hivyo ziwa lenye lugha moja ya kazi linatawaliwa kwa lugha mbili ambazo wengi wa wafanyakazi wake hawazisomi. Haki ya kupata taarifa iliyomo katika mkataba inabaki pungufu ikiwa taarifa yenyewe haisomeki.

Hali hii haikuwa ya Tanganyika pekee. Mkataba wa mwaka 1999 ulioianzisha upya Jumuiya ya Afrika Mashariki uliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kikaelezwa kuwa lugha ya mawasiliano itakayoendelezwa. Sheria ya jumuiya hiyo ya mwaka 2007 kuhusu usafiri katika Ziwa Viktoria ilitungwa chini ya utaratibu huo. Nchini Tanzania kwenyewe, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya taifa tangu uhuru, sheria ziliendelea kutungwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi, ikiwemo Sheria ya Meli za Biashara ya mwaka 2003.

Mambo yamebadilika katika miaka ya karibuni, na mabadiliko hayo yanafungua mlango. Mwezi Agosti 2019 Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikipokea Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubali Kiswahili kitumike kama lugha rasmi ya jumuiya, na mwaka huo huo Tanzania ilirekebisha sheria zake ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka 2022 Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Matokeo yake ni kwamba kila moja ya nchi nne za Ziwa Tanganyika sasa imo katika angalau jumuiya moja ya kikanda inayokitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi: Burundi kupitia Afrika Mashariki, Zambia kupitia Kusini mwa Afrika, Tanzania na Kongo kupitia zote mbili. Kikwazo cha kisheria cha kuwa na matini ya Kiswahili kimepungua sana. Kinachobaki ni kazi yenyewe.

Kazi hiyo si ya kufasiri neno kwa neno. Kama sehemu ya 2.0 ilivyoonyesha, matini inayosema "majitaka", "kumwaga" na "meli" bila uangalifu itakuwa na mianya mitatu: itawatisha wanaoosha sufuria, itawaachia wenye matangi yanayovuja, na itazisahau boti za mbao. Zaidi ya hayo, matini lazima ipite katika masikio ya wasemaji wa pande zote. Neno lililozoeleka katika ofisi za Dodoma linaweza kuwa geni kwa baharia wa Uvira, naye baharia huyo ndiye mlengwa.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Historia iliyopitiwa inaonyesha mwelekeo mmoja. Baharini, kanuni ya majitaka ya chooni ilikwama kwa miaka 30 kwa sababu ilizidai serikali vituo vya kupokelea. Marekani na Baltiki zilipofaulu, zilifaulu kwa kuuandaa ufuko kabla ya kutoza faini. Ziwa Tanganyika lina mkataba, lina mamlaka na lina maji yasiyoweza kujisafisha kwa haraka; bado linahitaji ufuko ulioandaliwa na kanuni inayosomeka.

Makala haya yanatoa mapendekezo manne. Kwanza, Mamlaka ya Ziwa Tanganyika na nchi wanachama ziandae orodha ya bandari na mialo inayohitaji vyoo vya umma na vituo vya kunyonyea matangi, zikianza na bandari kuu na mialo inayopakana na maji ya hifadhi. Pili, marufuku kamili itangazwe kwa hatua, kila eneo likifungwa baada ya kituo chake kufanya kazi, na kanuni za umbali zilizonakiliwa kutoka baharini ziachwe. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ishirikiane na mamlaka hiyo kuandaa matini ya Kiswahili ya mkataba na kanuni zake, yenye fasili bayana za majitaka ya chooni, kumwaga na chombo. Nne, matini hiyo ijaribiwe miongoni mwa mabaharia, wavuvi na abiria wa nchi zote nne kabla ya kuidhinishwa.

Pendekezo la tatu na la nne yanatuhusu moja kwa moja sisi tulioko katika taaluma ya lugha. Kwa muda mrefu tumedai kwamba Kiswahili kinaweza kubeba sayansi na sheria. Ziwa Tanganyika linatupa mahali pa kulithibitisha dai hilo, katika jambo ambalo neno likikosewa, anayelipa ni mama anayechota maji ya kunywa karibu na boti iliyotia nanga.